Wanaocheza Nyuma ya Mikeka

Kabla sijawaambia lolote kuhusu pesa, niwaambie kwanza kuhusu mwiba wa mathenge.

Ninyi mlioshika nafasi yangu pale chuoni Garissa, na ninyi wengine mnaosomea ualimu wa michezo, mtafundishwa mengi kuhusu misuli na mapigo ya moyo. Hakuna atakayewaambia kwamba adui wa kwanza wa michezo huku kwetu si jua wala si mkuu wa chuo. Ni mathenge, ule mti wa miiba uliotapakaa kila kona. Mwiba wake hupenya soli ya kiatu, sembuse ngozi ya mpira. Mpira ukianza kulegea, msikimbilie pampu. Utumbukizeni kwenye beseni la maji, muuzungushe taratibu, na pale mapovu yanapotokea ndipo mwiba ulipojificha. Wala msiung'oe papo hapo. Wekeni alama, kausheni, andaeni kiraka, ndipo muung'oe. Mkitangulia kuung'oa, tundu hujifumba na mtalitafuta mpaka magharibi.

Hayo nilifundishwa na Mzee Hassan, mtunza stoo ya michezo, mwaka wangu wa kwanza kazini. Mimi ni Mpokomo, mtoto wa mtoni, nimezaliwa kule Tana inakoshuka kuelekea Hola, na nilifika chuoni nikijiona najua kila kitu. Wiki hiyo hiyo chokaa ya kuchorea mistari ikaisha. Nami mjanja nikaenda jikoni, nikaomba unga wa mahindi ulioingia wadudu, nikachora kiwanja kizima cha voliboli. Mistari ilinyooka, nyeupe pe! Nikaenda kubadilisha nguo. Niliporudi, mbuzi wa mtaa mzima walikuwa wamejipanga kwenye mstari wa nyuma wanaulamba, kwa nidhamu ambayo sikupata kuiona kwa mwanafunzi yeyote. Timu ya wageni ilikuwa imeshafika. Mzee Hassan alikuwa amekaa juu ya ndoo, anacheka huku ameshika mbavu.

"Madam," aliniambia alipopata pumzi, kwa lafudhi yake ya Kisomali, "umechora fizuri sana. Lakini mbuzi wetu hajui foliboli, anajua chakula tu."

Akanionyesha majivu. Unachukua majivu ya jikoni, unayachekecha, unayakoroga na maji yawe kama uji mwepesi, unayatia kwenye birika kuukuu la chai. Kisha unatembea kinyumenyume ukimimina. Yakishakauka upepo hauyachukui na mbuzi hana haja nayo. Mpaka nastaafu nilikuwa nachora kwa birika, na wanafunzi wapya walikuwa wakidhani nawapelekea chai.

Sasa mikeka. Nilipoanzisha timu ya voliboli ya wasichana, kiwanja kilikuwa kando ya njia wanayopita watu wa sokoni, wa msikitini, wa kila mahali. Wasichana walikuja mazoezini, wakasimama, mikono imelala kandoni kama askari wa gwaride. Ukimrushia mmoja mpira, unampiga begani na unaanguka. Niliwafokea nikidhani ni uvivu. Mmoja wao akaninong'oneza, "Madam, hapa kuna macho."

Nikaenda mtaa wa Bula Iftin kuongea na mama zao. Sikuomba kibali, niliomba ushauri, na hilo nalo ni somo: mama wa Garissa ukimwomba kibali atakukatalia kwa adabu, ukimwomba ushauri atakuletea na vitu. Waliniletea herio, ile mikeka minene ya nyuzi inayofunika nyumba za wafugaji na kusafiri juu ya ngamia. Tukaisimamisha kwa vigingi, tukazungushia kiwanja chote. Humo ndani wasichana wakawa watu wengine. Yule aliyekuwa akiongea kama anaomba radhi alipiga mpira mpaka mimi nikainama. Mwanamume haingii, hata awe mkuu wa chuo. Mzee Hassan mwenyewe alikuwa akitupa mipira iliyozibwa kwa juu na kuuliza hali zetu kupitia mikeka.

Wanawake, hao walijaa. Kila Alhamisi baada ya alasiri wauza maziwa ya ngamia walikuja na madumu yao matupu, wakayageuza viti. Nyanya walikuja na tasbihi. Wake za walimu wa bara walikuja na karanga. Hapakuwa na tiketi wala picha, na ukipita nje ulisikia kelele tu, ukajiuliza kuna harusi ya nani.

Ndipo pesa ikaja. Ilikuwa katika miaka yangu ya mwisho kazini, juzijuzi tu. Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi, Haji Bare, mtu mwema na mkunjufu, alikuwa amesikia kwamba ng'ambo wanamichezo wa vyuo sasa wanalipwa. Akamwendea mkuu wetu wa chuo, Bwana Kilonzo, akamuuliza kwa nini vijana wetu wacheze kwa soda na mkate. Yeye angewalipa wachezaji wa kandanda posho kila mwezi kwa simu, awape basi la safari, azungushie uwanja mabati ili watu walipe getini, na jina la duka lake likae mgongoni mwa jezi. Kwenye mkutano wa walimu nilinyosha mikono miwili, wa kuume na wa kushoto.

Na sijaishusha mpaka leo. Nataka mnielewe hapo, maana kuna wazee wenzangu watakaowaambia kwamba pesa inaharibu mchezo. Njaa nayo inaharibu. Golikipa wetu, Yusuf, kijana wa Lafey, alikuwa akidaka mipira tangu asubuhi na hajatia kitu tumboni. Ukame ulikuwa umemaliza mbuzi wa mama yake. Kwa posho yake alimnunulia wengine, mmoja mmoja, na kila akinunua mmoja alikuja kuniambia rangi yake. Nani atakuja kuniambia hiyo ni dhambi?

Ambacho sikukiona mapema ni kile kilichofuata kwa wengine. Siku ya kuchagua timu, chuo kizima kilifika. Wakimbiaji wakaja, warukaji wakaja, akaja na kijana mmoja wa tenisi ya mezani aliyekuwa hajawahi kukimbia hata akinyeshewa. Timu ya voliboli ya wavulana ilikufa siku hiyo bila hata matanga. Nguzo zao zikawa za kuanikia shuka. Shimo la mchanga la kurukia likawa kitanda cha mbuzi, nadhani ni wajukuu wa wale walionilambia mistari.

Na mkuki! Tulikuwa na kijana anaitwa Abdi, mchungaji wa Wajir, mkono wake ulikuwa zawadi ya Mungu. Alikuwa akitupa mkuki tunapiga makofi, tunachoka, tunasimamisha makofi, nao bado uko hewani. Abdi naye akaenda kandanda. Miguu yake, Mungu anisamehe, ilikuwa kama ya mtu anayekanyaga kaa la moto. Lakini kocha akagundua kwamba mpira ukitoka pembeni, Abdi akiurusha unafika mbele ya goli. Basi wakamchukua kwa hilo. Dakika zote alikuwa akiwaogopa wapinzani na kuukimbia mpira, mpaka utoke nje, ndipo anaitwa kama bwana harusi. Nikamuuliza, "Abdi, na mkuki?"

"Madam, wallahi naupenda," akasema. "Lakini mkuki haunitumii kitu kwa simu."

Nilicheka. Nilipofika nyumbani sikucheka tena, nilikaa nikaona uchungu. Mkuki wake ulikuwa umeegeshwa nyuma ya mlango wa stoo, na walikuwa wameanza kuutumia kushushia tandabui.

Timu yangu ya wasichana haikukimbiwa, kwa sababu hawakuwa na pa kukimbilia. Shida yake ilikuwa nyingine. Bwana Kilonzo aliniita ofisini. Ni Mkamba, mcheshi, hatukuwahi kugombana.

"Madam, nina tatizo moja," akasema. "Kandanda naiona. Getini naona watu, kwenye simu naona picha. Huu wako nitauandikia nini kwenye bajeti, na hata mimi mwenyewe sijawahi kuuona?"

"Andika kwamba upo."

"Upo wapi?"

"Fungua dirisha siku ya Alhamisi usikilize."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Fungu la michezo lilikuwa limepungua kwa sababu kandanda ilikuwa na mambo mengi: daktari, nyasi, maji ya nyasi. Mashindano ya vyuo yangefanyika Wajir mwisho wa muhula. Kila mchezo ujifikishe wenyewe, akasema. Utakaofika na kucheza mechi yake mpaka mwisho utabaki kwenye bajeti. Usiocheza utafutwa. "Si mimi, Madam. Ni hesabu."

Nilimpelekea habari hizo Rahma, nahodha wetu. Rahma ni binti wa Halima, muuza maziwa wa Bula Iftin, na alikuwa anasomea ualimu wa michezo. Mpango wake ulikuwa mmoja: shule yoyote atakayopelekwa, afike na mikeka. Alinisikiliza akiwa anafumua wavu uliojikunja.

"Timu za wavulana zikifa, angalau picha zinabaki," akasema. "Yetu ikifutwa, Madam, nani atasema ilikuwepo? Wasichana watakaokuja watadhani hakuna aliyewahi kucheza. Watasimama tena mikono chini."

Hakulia. Mimi ndiye niliyetafuta leso.

Mnauliza, na Haji Bare? Nilimwendea, bila shaka. Na alikuwa tayari kulipa. Aliniambia, "Madam, nitawalipa kama wavulana, sawasawa. Ondoa mikeka tu. Mpiga picha aingie, watu waone jina kwenye jezi. La sivyo nitasema nini kwa washirika wangu, kwamba nimelipia ukuta?"

Nikarudi na maneno hayo kama yalivyo, sikuongeza chumvi. Wasichana wakajadili wenyewe, kisha Rahma akaja nami dukani. Alisimama mbele ya mifuko ya saruji, akamsalimu kwa heshima kama ami yake, akamuuliza, "Adeer, binti yako anasoma shule gani?" Haji akamtajia. "Akija kucheza kwetu, utataka mikeka iondoke?"

Haji Bare alitazama mifuko yake ya saruji. Akacheka polepole, akakuna ndevu. "Hapana," akasema. "Wallahi, hapana." Alitupa soda baridi na kutusindikiza mpaka mlangoni, lakini pesa hakutoa. Nilimheshimu kwa kusema kweli, ingawa njiani nilimsema sana.

Kwa hiyo, vijana, swali la kulipa wanamichezo si swali la roho nzuri na roho mbaya. Haji alikuwa na roho nzuri. Ila pesa yake ilikuwa inafuata macho, na sisi tulikuwa tumejenga mchezo mzima ili kuyakwepa macho.

Waliotuokoa walikuwa wamekaa juu ya madumu muda wote huo. Alhamisi iliyofuata Halima alisimama wakati wa mapumziko, akajipangusa mikono kwenye dirac, gauni lake pana.

"Wanaume wanalipa getini kuona watoto wao," akasema. "Sisi tunakuja hapa kila wiki, tunapiga kelele, tunarudi nyumbani na roho safi. Tumelipa nini?"

"Unataka kulibisha kelele?" akauliza Eedo Kaha.

Niwaambie kuhusu Eedo Kaha. Alikuwa eedo, yaani shangazi, wa nusu ya Bula Iftin na mwenye ayuto ya wauza maziwa, ule mchango wao wa zamu ambapo kila mmoja anatoa kila wiki na kila wiki mmoja anachukua chote. Mama akikosa hajui kujificha wapi, maana Kaha atampata. Alikuja kutazama voliboli kila Alhamisi, na kila Alhamisi aliilaani. Alisema mpira si maziwa, hauuziki, haunyweki. Lakini hakuwahi kukosa.

Halima akataka timu iingie ayuto kama mtu mmoja, wasichana wachange kwa pamoja na wao wapate zamu.

"Sasa mbira imekuwa mama?" Kaha akasema. "Iko na zamu? Iko na watoto?"

"Iko na watoto wengi kuliko wewe," Halima akamjibu, na mikeka yote ikatikisika kwa vicheko.

Timu ikaingia. Wasichana walipata mchango wao kwa kuwapaka hina maharusi, na kwa wiki kadhaa mipira yetu yote ilikuwa na alama za vidole vyekundu. Kura za zamu zikapigwa. Rahma akachota karatasi yetu, akaifungua, akanipa niisome. Zamu yetu ilikuwa ya mwisho kabisa, baada ya mashindano ya Wajir. Zamu ya wiki ile tuliyoihitaji ilikuwa imemwangukia Eedo Kaha.

Kila mtu alijua Kaha alikuwa na mipango gani. Paa la nyumba yake lilikuwa limekwisha, na alikuwa anangojea zamu hiyo anunue mabati. Hakuna aliyemtazama, na kwa hivyo alijua kwamba wote wanamtazama. Alibeba dumu lake akaondoka bila salamu. Mimi nilisema moyoni, basi, yamekwisha.

Alhamisi iliyofuata alikuja mapema kuliko wachezaji. Nilikuwa nachora mistari na birika langu.

"Naa, Madam. Mfua imekuja mwaka huu?"

"Haijaja, Eedo."

"Mwaka jana?"

"Kidogo tu."

"Basi baa langu litangoja kidogo. Mfua nayo inangoja." Akanyosha mkono. "Chukueni zamu yangu, mimi nitachukua yenu. Lakini nataka hiyo kitu iko kwa shingo yako."

Alitaka firimbi. Nikamvisha. Kuanzia siku hiyo hadi Wajir hatukuwa na amani tena, kwa sababu Kaha alipuliza kwa kila jambo: mpira ukitoka, mtoto akilia, mtu akichelewesha mchango wa ayuto. Na bila shaka alijitangaza mlezi wa safari.

Hapa natua kidogo niwape mambo ya kazi, msije mkasema Madam amewasimulia hadithi tu. Wachezaji wa hijabu wasitumie pini, shoneni utepe wa mpira, ule wa kiunoni mwa sketi, ndani ya kitambaa kisilegee. Mpira ukichezwa jua kali, upunguzeni upepo kidogo, joto litaujaza lenyewe. Na mkisafiri na vifaa, vihesabuni wenyewe kwa mkono kabla gari halijawasha injini. Hili la mwisho ndilo lililotaka kutumaliza.

Wiki ya safari kulikuwa na harusi Bula Iftin. Bibi harusi wa Kisomali hujengewa nyumba yake na wanawake, na nyumba inataka herio. Herio nzuri zilizokuwa karibu ni zipi? Za kwetu. Wakazichukua, na hapakuwa na ubaya, zilikuwa zao tangu mwanzo, na mimi nilikula pilau la harusi hiyo mpaka nikaona haya. Baada ya harusi, Halima alidhani Kaha amezipakia kwenye basi letu la kukodi. Kaha alidhani Halima amezipakia. Wasichana waliona turubai limefungwa juu ya keria ya basi, limevimba, wakadhani ni zenyewe.

Tuliondoka Garissa alfajiri, tukatikiswa barabara yote, tukaingia Wajir tukiwa weupe kwa vumbi na wenye furaha kubwa. Dereva akafungua turubai. Chini yake kulikuwa na wavu, gunia la mipira, na madumu ya maziwa ya Kaha aliyokuwa amepanga kuuza huko huko. Kaha akapuliza firimbi kwa mshtuko.

Wenyeji hawakuweza kutusaidia. Walikuwa na timu ya wasichana hapo zamani, wakaniambia, lakini ilikuwa imefutwa, na uzio wao wa makuti na magunia uliondoka nayo. Kiwanja cha voliboli kilikuwa wazi kabisa kando ya uwanja wa kandanda, na kandanda ilikuwa inafuata baada yetu. Wanaume wa Wajir walikuwa wameshajaa, wamekaa juu ya pikipiki na migongoni mwa pikapu, wanatafuna muda.

Timu ya Mandera, wapinzani wetu, waliingia kiwanjani wakaona hali, wakasimama. Wa kwetu wakasimama. Vijana, niliwatazama wasichana wale wote, pande zote mbili za wavu, na mikono yao ilikuwa imelala kandoni kama siku ile ya kwanza kabisa. Mwamuzi, mwalimu wa kike mwenye haraka zake, akaniambia tusipoanza ataandika kwamba mechi haikuchezwa. Nikamwangalia Rahma. Yeye alikuwa anaangalia chini, kwenye mistari.

Abdi akaja. Wachezaji wetu wa kandanda walikuwa wanapasha misuli, wamevaa jezi mpya za Haji. Alisimama mbali kwa adabu, akaninyoshea shingo.

"Madam, mbona hamuanzi?"

"Mikeka imebaki harusini."

Hakuniuliza zaidi. Aligeuka akakimbia kwa ile miguu yake ya makaa, na akarudi na Yusuf na timu nzima. Walikuwa wamevua turubai juu ya basi la Haji. Walikuwa wamebeba shuka, makawisi wanayojifunga kiunoni, mablanketi waliyolalia, hata pazia la dirisha la basi. Mmoja akashika pembe hii, mwenzake pembe ile, wakaanza kuzunguka kiwanja. Kitambaa hakikutosha upande mmoja. Yusuf akawaita wavulana wa Mandera, ambao muda si mrefu wangecheza nao na kukanyagana. Wakaja na shuka zao.

"Waryaa! Geukeni!" Eedo Kaha akafoka. "Uso huko, mgongo huku! Mwenye kuangalia nyuma nitamfunja shingo!"

Wakageuka wote. Kocha wetu wa kandanda akaja mbio akipiga kelele kwamba wachezaji wanaolipwa watachoka mikono kabla ya mechi. Yusuf akamjibu kwamba golikipa hupasha mikono kwanza. Na Haji Bare, aliyekuwa amefika na mpiga picha wake, akasimama amepigwa na butwaa. Jina la duka lake, alilolilipia ili mji wote ulione, lilikuwa limepangwa mgongo baada ya mgongo kuzunguka kiwanja, na limetazama ndani. Waliokuwa wakilisoma ni wanawake peke yao. Alipima kidogo, kisha akamwambia mpiga picha aweke kamera garini, akaenda kushika pembe ya blanketi iliyokuwa inalegea.

Rahma akainua mikono yake, akaomba mpira.

Nisiwadanganye kwamba tulicheza vizuri. Tulicheza kama watu waliotikiswa barabara yote. Msichana mmoja wa Mandera, mrefu, wa huko Lafey kwa akina Yusuf, alitupiga mipira ambayo naisikia mpaka leo. Lakini wanawake wa Wajir walikuwa wamejaa ndani, wamejipenyeza chini ya shuka, na kelele zao zilikuwa kubwa kuliko za Alhamisi zote za Garissa. Vijana waliokuwa nje hawakuona hata mpira mmoja. Walikuwa wakisikia tu, na kila kelele ikipanda nilikuwa naona migongo ikitamani kugeuka. "Madam, nani ana pointi?" "Madam, huyo alikuwa wetu?" Mpira ulipovuka ukuta, Abdi aliuokota, akaurusha kinyumenyume juu ya kichwa chake bila kutazama, nao ukatua miguuni pa anayeanzisha. Kila mara. Kaha akasema mkono kama huo kuupeleka kwenye kandanda ni kumfunga ngamia kwenye baiskeli.

Leo mkifika chuoni mtaikuta bajeti ina mstari wa voliboli ya wasichana. Wachezaji wa kandanda bado wanalipwa, na nasema walipwe. Haji analipia basi letu pia, kwa sharti jipya lililotungwa na Kaha, kwamba nembo ya duka lake itashonwa upande wa ndani wa mikeka. Nasikia wanawake wa Bula Iftin sasa wananunua mabati kwake. Kaha alipochukua zamu yetu, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyanunua. Abdi ana mkuki wake tena, asubuhi, kabla ya mazoezi ya kandanda, na hakuna anayemlipa kwa huo. Voliboli ya wavulana haijafufuka. Ninyi mlioshika kazi, msije mkanyosha mikono miwili kwa furaha, kama mimi, kabla hamjauliza nani amekaa nyuma ya ukuta na nani ametwaa nguzo za kuanikia shuka.

Lakini jioni ile ya Wajir hatukuwa tumeyajua hayo. Mpira wa mwisho ulipiga mstari wetu, mwamuzi akapuliza, Kaha akapuliza juu yake, na Mandera wakaruka kwa furaha. Tulikuwa tumeshindwa. Kelele zilikuwa za pande zote mbili, wala mtu wa nje asingejua ni za nani. Abdi alikuwa bado amenyosha mikono, shuka mkononi, jina la duka mgongoni, uso kwenye umati.

"Madam," akaita bila kugeuka, "tumeshinda?"

Rahma akanitangulia kumjibu, jasho linamtiririka, mpira kifuani.

"Tumecheza, walaal!" akapaza sauti. "Tumecheza!"